Nguzo Chini ya Mawe

Kok.

Jiwe juu ya jiwe. Hiyo ndiyo sauti iliyokuwa ikiniamsha, kabla sijaona hata mstari wa mwanga chini ya mlango. Kok, kisha kimya kidogo, kisha nyayo laini za ngamia zikienda zao na kengele ya mti ikigonga shingoni mwa ngamia wa mbele. Na kutoka upande wa pili wa pazia, sauti ya baba yangu, nzito kwa usingizi na hasira: "Ya Allah! Tena?"

Mwezi uliopita lori lilimwaga mawe ya ujenzi chini ya dirisha langu, huku Nairobi. Kelele za kumwaga hazikunishtua, kwa maana mtaa wetu unajengwa usiku na mchana. Lakini mawe yote yalipokwisha kushuka, likabaki moja lililokwama kwenye bati la nyuma. Likaanguka peke yake. Kok. Na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukasema, "Ya Allah! Tena?" kwa sauti ya mwanamume wa makamo. Nilikaa kitandani nikacheka. Kisha nikakasirika, hasira ileile ya utotoni, nikaikuta iko kamili kama nguo iliyokunjwa sandukuni. Maana mawe yale ndiyo yaliyotupa msimu mmoja wa kiangazi wa kukaa na Baba nyumbani, na mawe hayohayo ndiyo yaliyomchukua.

Wenzangu mliokulia upande ule, mliokula mahindi ya njano ya msaada na kuchezea madebe ya mafuta yake, mtanielewa nikisema kwamba kwetu hakukuwa na kitu cha kumwonyesha mgeni. Kulikuwa na mto, lakini mto ulikuwa wa watu wa Balambala. Sisi tulikaa juu, mwendo wa asubuhi nzima kutoka mtoni, kwenye ukingo wa mawe meusi wenye nyumba chache na upepo mwingi. Kitu chetu pekee kilikuwa nguzo.

Ilikuwa nguzo ya saruji, kimo cha mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma akila majani. Kifuani ilikuwa na kibati cha shaba chenye maandishi ya Kiingereza, yaliyosema kwamba mahali hapa ndipo dhahabu ilipopatikana kwa mara ya kwanza katika nchi yote ile. Aliyeiweka alikuwa Mzungu wa enzi za babu zetu. Alipita na ngamia wa kukodi, akachota mchanga wa korongo, akauosha kwenye karai, akaona chembe za kutosha kujaza ukucha. Akafurahi mno, akajenga nguzo. Kisha akachimba msimu mzima asipate chembe nyingine, akafunga mizigo akaondoka. Ilikuwa dhahabu ya kwanza na ndiyo ya mwisho.

Baba aliponisomea kibati kile, niliyaelewa maneno yake kwa akili ya mtoto wa wafugaji. Kitu hakipatikani ila kilikuwa kimepotea. Mbuzi hupotea, akapatikana. Ngamia hupotea, akapatikana, na aliyempata hutangaza kisimani mpaka mwenyewe aje na kuonyesha alama yake. Kwa hiyo dhahabu ilikuwa mnyama wa mtu. Imekutwa hapa ikizurura, imefungwa kwenye nguzo, na mwenyewe hajaja bado. Na mawe yale yote? Mawe yalikuwa ya kuizuia isitoroke tena. Niliihurumia sana. Nilikuwa nikipita pale nanyamaza, nisiishtue.

Ukweli wa mawe ulikuwa mwingine. Kwetu mtu hapiti rundo la mawe njiani akaliacha kama alivyolikuta. Huenda ni kaburi la mtu mwema. Huenda ni la mtu mbaya anayestahili kubanwa. Huenda ni mahali ambapo wasafiri waliponea kiu wakaweka alama ya shukrani. Hakuna anayeuliza. Mwanamume huokota jiwe akalitupa juu ya mengine, mwanamke huvunja kijiti kibichi akakiweka, na wote wawili huendelea na safari wakiwa wepesi kidogo. Sasa, Mzungu yule alikuwa amepanga mawe kuizunguka nguzo yake ili upepo usiilaze. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Mpita njia wa kwanza aliona mawe, akaongeza lake. Nilipozaliwa mimi, iliyokuwa ikionekana ni kichwa tu cha nguzo, kama mtu aliyejifunika blanketi mpaka kwenye nyusi.

Katika nyumba yetu, mtupaji mkubwa wa mawe alikuwa bibi yangu, mama yake Baba. Tulimwita Ayeeyo, kama mabibi wote wa kwetu wanavyoitwa. Alikuwa mjane tangu ujana na hakuona sababu ya kuchagua kati ya desturi ya wanaume na ya wanawake. Alifanya yote mawili. Jiwe kwanza, kijiti juu yake.

Baba, jina lake Dubow, alikuwa dereva wa lori la mifugo. Garissa, Modogashe, Isiolo, kisha kurudi. Miaka ile vichaka vya barabara ile vilikuwa na watu wenye bunduki, na malori yaliondoka kwa msafara, polisi mbele na polisi nyuma, na hata hivyo si yote yaliyofika. Siku moja Baba aliletwa nyumbani akiwa amekaa upande wa abiria. Risasi ilikuwa imeingia kwenye nyama ya bega ikatokea nyuma. Turniboi wake, kijana wa kupakia na kushusha, hakuletwa nyumbani kwao akiwa amekaa.

Mama hakulia. Alimwosha bega, akamfunga, akasema, "Basi. Wewe na barabara hiyo mmemalizana."

"Na nitawalisha nini?"

"Sijui. Mchanga. Lakini utatulisha ukiwa hai."

Ndipo, Baba akiwa bado amefunga mkono shingoni, akaja bwana mmoja kwa chifu kutoka Nairobi, kutoka ofisi inayoshughulika na mambo ya kale. Alikuwa na ramani ya zamani yenye nguzo yetu. Alisema hivi: kama nguzo bado imesimama, na kama inaonekana vizuri, serikali itamwajiri mlinzi wa kuitunza, mtu wa palepale, kwa mshahara wa kila mwezi. Atarudi kuitazama kabla mvua haijafunga barabara. Chifu akasema anamjua mtu.

Sijawahi kumwona binadamu akifurahi kama Baba alivyofurahi jioni ile. Alizunguka nyumba yetu ya vyumba viwili akigusa vitu: ukuta, mtungi, kichwa changu, mlango. Mlango wetu ulikuwa wa madebe ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyooshwa, na Baba aliuahidi bawaba mpya. Asubuhi yake alikwenda kwenye nguzo na mkono mmoja mzima, akaanza kutoa mawe. Alitoa siku hiyo na siku zilizofuata, akiyapeleka mbali, nyuma ya ukingo. Kibati kilitokea kikiwa cha kijani. Alikisugua kwa majivu na ndimu mpaka kikang'aa.

Na alfajiri iliyofuata: kok.

Alitoka mbio akiwa amejifunga kikoi, nami nyuma yake. Kijana mmoja mchunga ngamia alikuwa ndiyo kwanza anafuta mikono.

"Warya!" Baba akamwita. "Jiwe hilo lirudishe ulikolitoa!"

"Nimrudishie nani? Lilikuwa limelala tu."

"Hili si kaburi. Hii ni nguzo ya dhahabu."

Kijana akaitazama nguzo juu mpaka chini, kwa adabu. "Dhahabu yenyewe iko wapi?"

"Ilikwisha."

"Ilikufa?"

"Ilikwisha, wewe! Zamani!"

"Haya," akasema kijana. Akainama, akaokota jiwe jingine. "Mungu airehemu." Kok.

Hivyo ndivyo ulivyokuwa msimu wetu. Baba alitoa mawe, watu wakarudisha mawe. Hawakuwa wabaya. Ningependa wangekuwa wabaya, ingekuwa rahisi kuwakasirikia. Walikuwa watu wenye adabu, na adabu haina kisu cha kuizuia. Baba akiwafokea walimwitikia "haye, haye," wakampa pole ya bega, wakamuuliza habari za mifugo, kisha wakiondoka mkono mmoja ulijipeleka chini wenyewe. Wengine waliona tofauti na jana, mawe yamepungua, wakasikitika, wakaongeza mawili. Wakamtungia jina: Askari wa Mawe. "Warya Dubow," walimwita wakiwa juu ya punda, "unamlinda marehemu asitoke?"

Ayeeyo hakujificha. Alitupa lake mchana, mwanawe akiwa amesimama palepale.

"Mama," Baba akasema, akijizuia, "unajua kwamba hapa hakuna mtu."

"Najua."

"Unajua kwamba hii ni saruji ya Mzungu."

"Nilikuwa msichana alipoijenga. Najua kuliko wewe."

"Basi jiwe ni la nini?"

"Mawe yapo," akasema Ayeeyo. "Nipite kama punda?"

Akaweka na kijiti chake.

Baba aliamua kujenga ua wa miiba. Alikata matawi ya mgunga kwa mkono mmoja, akayaburura, akaizungushia nguzo yote. Likawa kosa kubwa. Kwetu rundo la mawe ni rundo la mawe, lakini rundo lenye ua ni jambo jingine, kwa sababu ni nani anayezungushiwa ua isipokuwa mtu wa Mungu? Watu walianza kurusha mawe kutoka nje ya miiba, wakisimama kwa heshima zaidi kuliko mwanzo. Kisha akapata chokaa iliyobaki msikitini, akaipaka nguzo ili mgeni aione kutoka mbali. Mgeni hakuiona, lakini dunia yote iliiona. Nguzo nyeupe, ndani ya ua, juu ya ukingo! Wanawake walianza kuja na vibuyu vya maziwa. Siku moja ilikuja familia kutoka Sangailu, safari ya siku kadhaa, na mke kijana asiyepata mtoto, wakamkuta Baba na ndoo yake ya chokaa, wakamwamkia kwa sauti ya chini.

"Sheikh aliyelala hapa anaitwa nani?"

Baba aliketi chini. Aliketi tu, katikati ya vumbi, akashika kichwa.

Mama aliyekuwa akipita na mtungi ndiye aliyejibu. "Anaitwa Sheikh Dubow," akasema. "Bado yu hai, lakini si kwa muda mrefu."

Tulikunywa maziwa yale, nakiri. Mama alisema angalau nguzo imeanza kutulisha. Ayeeyo alikataa hata kuyaonja. Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu mwenyewe: Baba akitoa mawe yote, dhahabu si itakimbia? Nilimuuliza usiku mmoja kabla ya kulala.

"Fardosa, aabo," akaniambia. Kwetu baba humwita mtoto wake kwa jina lilelile ambalo mtoto humwita baba, na mama naye humwita mwanawe hooyo, yaani mama, kana kwamba ni kitu kimoja kinachopita huku na huku. "Dhahabu haiko. Iliyopo ni kazi. Mawe yakitoka, mimi nabaki hapa. Mawe yakibaki, mimi natoka. Umeelewa?"

Nilielewa. Tangu siku ile nilimtazama kila mpita njia kama adui. Niliweza kusimama ukingoni jua lote nikipiga kelele, "Si kaburi! Si kaburi!" mpaka koo likauma, na wazee wakaniinulia mikono kunibariki, wakidhani namlilia aliyezikwa.

Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa mto. Chifu akaleta habari: mgeni atakuja wiki hii. Baba akaona kwamba peke yake hawezi, akamwendea Haji Abdille, mzee mwenye ndevu za hina aliyekuwa na duka la sukari na betri za tochi, na ambaye neno lake lilifuatwa na ukingo mzima. Alirudi akiwa na uso wa siku ile ya kugusa kuta.

"Amekubali," akamwambia Mama. "Nimemweleza yote. Akaniuliza, 'Dubow, mgeni anakuja kuona kama tunaiheshimu nguzo hii?' Nikasema ndiyo. 'Na tukiiheshimu, wewe unapata kazi?' Nikasema inshallah. Akasema, 'Basi siku hiyo tutakuja wote, na tutaiheshimu.'"

Mama aliweka chini mwiko. "Amesema hivyo? Kwamba wataiheshimu?"

"Kwa mdomo wake."

"Baba Fardosa, rudi sasa hivi. Mwambie wasifanye kitu chochote."

"Nimwambie Haji Abdille asiheshimu?"

"Mwambie wakae majumbani mwao."

"Wewe mwanamke," Baba akasema, akicheka, "hufurahi lini?"

Nikiwa mtu mzima sasa nalikumbuka swali lile na naona kwamba Mama alikuwa na jibu, ila sufuria ilikuwa inaungua.

Siku yenyewe Baba aliamka kabla ya sauti yoyote. Aliuondoa ua wa miiba, akapaka chokaa upya. Alisugua kibati. Aliyatoa mawe yaliyotupwa jana, mpaka la mwisho, na nguzo ikasimama wazi kutoka chini mpaka juu kama Mzungu alivyoiacha. Ilikuwa nzuri. Sijui kama nguzo ya saruji inaweza kuwa nzuri, lakini jua lilipopanda ilitoa kivuli chake chembamba mpaka miguuni pangu, na Baba alikuwa amesimama karibu nayo na shati lake la Idi, bega lake limenyooka karibu lote.

Gari lilichelewa. Watu hawakuchelewa.

Walitokea kutoka kila upande wa ukingo, wamevaa vizuri, wanawake mbele kwa vitambaa vya rangi, wazee kwa fimbo zao. Baba aliinua mkono kuwakaribisha. Kisha mkono ukabaki hewani. Kila mwanamume alikuwa na jiwe. Si kokoto za njiani. Walikuwa wamechagua, mawe mazito meusi ya korongoni, mengine yameoshwa. Wanawake walikuwa na matawi mazima ya mswaki yenye majani. Haji Abdille alikuwa na jiwe kubwa kama kichwa cha ndama, amelibeba kifuani mwenyewe, amekataa kusaidiwa.

"Hapana," Baba akasema. "Haji. Haji, subiri. Haji!"

"Usijali, Dubow," Haji akasema akihema. "Leo ni kwa ajili yako."

Kok. Sauti ya jiwe lile ilikuwa nzito kuliko zote. Nyuma yake, kok, kok, kok, kama mvua inavyoanza kwenye bati. Baba alikimbia huku na huku. Alimshika mmoja mkono, mwingine akaweka. Alitoa jiwe, mtu akamshukuru akaliweka vizuri zaidi. Nilipiga kelele mpaka Mama akanivuta kwake akaniziba mdomo kwa kiganja, nami nikahisi kiganja kinatetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kile kicheko kibaya cha mtu aliyeishiwa. Kibati kilizama. Chokaa ikazama. Ayeeyo alikuja wa mwisho, polepole. Akaweka jiwe lake juu kabisa, pale kilipokuwa kichwa cha nguzo, akalikandamiza lisitikisike, na juu yake kijiti.

Ndipo gari likafika.

Bwana wa mambo ya kale alikuwa kijana mwenye miwani na viatu vilivyojaa vumbi. Alishuka, akasalimia vizuri, akatazama huku na huku.

"Nguzo iko wapi?"

Baba alionyesha. "Ndani, bwana. Asubuhi ilikuwa nje."

"Ndani ya kaburi?"

"Si kaburi! Ni mawe tu. Hakuna mtu."

Kijana aliwatazama watu waliosimama kimya, vichwa chini, matawi mabichi yakinuka kwa jua. Akamgeukia Haji. "Mzee, nisaidie. Kuna mtu amezikwa hapa?"

Haji alikifikiria Kiswahili chake cha sokoni kwa makini. "Bwana," akasema, "karibu sana hii bahali yetu. Mimi naweka jiwe hapa tangu mtoto. Nikisema mtu hakuna, mimi nilikuwa naweka kwa nani?"

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Hata kijana yule, nilimwona, alitikisa kichwa chake kidogo.

"Nitatoa," Baba akasema. "Nipe nusu saa, bwana. Utaiona. Mimi mwenyewe nitatoa mawe yote."

"Kama ni mawe tu, toa," akasema kijana. "Nitangoja."

Baba akakunja mikono ya shati la Idi. Hakuna aliyemzuia. Watu walisogea nyuma kumpisha. Akanyoosha mikono juu, kwenye jiwe la kwanza, akalishika, akaliinua kidogo, kijiti kikadondoka.

"Dubow, hooyo," Ayeeyo akasema. Hakupaza sauti. "Hilo ni langu."

Baba akabaki vilevile, jiwe mikononi.

"Kila ulipoondoka na lori nilikuja hapa nikakuwekea jiwe," Ayeeyo akasema. "Kila safari. Jiwe, kisha kijiti. Na kila safari ulirudi. Ile moja ulipopigwa nilikuwa na homa, nikaweka kijiti peke yake. Hilo la leo ni la bega lako. Litoe kama unataka. Wewe ni mtu mzima."

Ningekuwa mimi, ningelitoa. Naandika haya nikiwa na umri karibu sawa na wa Baba siku ile, na bado mikono yangu inalitoa. Jiwe moja! Lishushe, Baba, chini ya hilo kuna mshahara, kuna bawaba mpya, kuna wewe ukikohoa nyuma ya pazia asubuhi zote za maisha yangu. Alimtazama mama yake. Alimtazama kijana wa gari. Akatutazama sisi, mimi na Mama, kwa muda mrefu, na nikaona anajua kila ninachokiandika hapa. Kisha akalirudisha jiwe mahali pake. Akalikandamiza, lisitikisike. Akainama akaokota kijiti.

Kijana alingoja kidogo zaidi. Akatazama mawingu. Alisema ofisi yake haiwezi kugusa mahali ambapo watu wanazikana, na haiweki mlinzi pasipo na nguzo ya kulindwa. Alisema kwa upole. Alikunywa chai dukani kwa Haji, akasifiwa kwa kufika, akaondoka kabla ya mvua. Watu walimpongeza Baba mmoja mmoja. Walidhani mambo yamekwenda vizuri sana.

Mvua ilianza siku ya pili na ilinyesha kama ilivyonyesha mwaka ule, wote mnakumbuka. Ndani ya nyumba hakuna aliyesema na mwenzake isipokuwa Mama, ambaye alisema na sufuria. "Kuna wanawake," aliiambia sufuria, "wanaomwombea mtoto arudi salama, kisha wanamrudisha barabarani kwa mikono yao wenyewe." Ayeeyo alihesabu tasbihi yake. Baba alitengeneza mfuko wa safari.

Mvua ilipolegea, siku moja mchana, honi ya lori ililia chini ya ukingo. Ilikuwa honi yake, naijua, ina mkwaruzo mwishoni. Baba akavaa viatu. Mama alimpa chapati kwenye kitambaa bila kumtazama, kisha akamshika shati kifuani, akamkung'uta vumbi ambalo halikuwepo, akaingia nyuma ya pazia. Mimi nilishikilia mkanda wa mfuko wake, naye alinifungua kidole kimoja kimoja.

Ayeeyo alikuwa amesimama mlangoni. Mkononi alikuwa na jiwe, jeusi, lililooshwa.

"Mama," Baba akasema. "Tafadhali."

"Shika, hooyo. Miguu yangu haifiki pale kwa tope hili. Leo weka mwenyewe."

Baba alilitazama jiwe lile kama mtu anayetazama deni la mtu mwingine. Midomo yake ikaanza, "Ya Allah..." na mimi nikamalizia moyoni, tena. Kisha akalichukua. Akalitia katika mfuko mmoja wa koti, upande wa bega zima, akainama akatoka, naye alikuwa mrefu kuliko mlango wetu hivi kwamba kila siku ilimbidi kutoka kwetu kama anayeomba radhi.

Njia ya kwenda kwenye lori ilipita kwenye rundo. Nilijua nitasikia. Kama angelitupa ningesikia kok, na kama asingelitupa ningesikia kimya, na nilitaka mno kujua ni kipi, kuliko nilivyotaka kitu chochote utotoni mwangu. Nilitega sikio. Viatu vyake vilivuta tope, vikapungua, vikafika karibu.

Ayeeyo akashika mlango. Madebe yakalia kwenye bawaba kuukuu, kelele ya kuziba masikio.

"Ayeeyo, ngoja! Acha wazi, nisikie!"

"Baridi inaingia," akasema, na akaufunga.